Hadithi Fupi na Wewe Unayeisoma

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Ifakara na Bonde la Kilombero. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa redioni, ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao.

Ninyi mlio Ifakara mjini, mlio Mang'ula na Kidatu, mlio Mngeta na Mlimba, na ninyi wa ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi, nawasalimu nyote. Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na kila mmoja awe na kalamu yake.

Leo tutazungumza juu ya vitabu vya hadithi fupi za siku hizi. Sitawafundisheni kuandika hadithi. Nataka tujifunze jambo jingine, nalo ni kusema umeionaje hadithi uliyoisoma.

Wako watu wengi wajuao kusoma vizuri kabisa. Lakini ukiwauliza, "Umeionaje hadithi hii?" hujibu, "Nzuri," kisha wakanyamaza. Wengine hudhani kwamba kutoa maoni juu ya kitabu ni kazi ya watu wa chuo kikuu peke yao. Sivyo. Hadithi imeandikwa kwa ajili ya msomaji, na msomaji ni wewe. Ukiisoma ukanyamaza, ni kama mtu aliyeulizwa hodi akawa hajibu.

1. Hadithi fupi ni nini?

Tuanze na jina. Kuna riwaya, na kuna hadithi fupi. Riwaya ni kitabu kizima chenye hadithi moja ndefu. Kuisoma ni kama kusafiri kwa gari moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya. Utapita stesheni nyingi, utalala njiani, watu watapanda na kushuka. Hadithi fupi ni kama kuvuka Mto Kilombero. Zamani tulivuka kwa pantoni, na siku hizi twavuka juu ya daraja. Safari ni fupi, lakini ukifika ng'ambo umekwisha kuwa mahali pengine.

Kitabu chenye hadithi fupi nyingi huitwa mkusanyiko wa hadithi. Pengine hadithi zote zimeandikwa na mtu mmoja. Pengine zimeandikwa na watu mbalimbali, na mtu mwingine, aitwaye mhariri, amezichagua na kuziweka pamoja. Mkusanyiko wa namna hii ni kama tenga la samaki kutoka mtoni. Mna kambale, mna perege, mna wakubwa, mna wadogo wenye miiba mingi. Huna haja ya kuwapenda wote sawasawa.

Je, hadithi fupi ni sawa na ngano za sungura na fisi tulizosimuliwa na bibi zetu? Ni ndugu, lakini si pacha. Ngano mara nyingi hutuambia mwishoni ni nani mjinga na ni nani mwerevu, na funzo lake huwa wazi. Hadithi fupi ya siku hizi aghalabu hukoma kabla ya mambo yote kwisha. Mwandishi hukuachia kazi. Unafunga kitabu, lakini moyoni bado unajiuliza, "Sasa yule mama atakwenda wapi?" Swali hilo ni mwanzo wa maoni yako.

2. Kwa nini jambo hili lina maana kwetu?

Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani yuko katika hatari moja. Akiisha kupata cheti, akakosa cha kusoma, baada ya miaka michache herufi huanza kumtoroka. Hatari hii ilijulikana tangu zamani. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ile ya 1970 zikaanzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Gazeti moja la namna hiyo lilitoka Mwanza, nalo liliitwa Elimu Haina Mwisho. Jina lake peke yake ni somo.

Sasa, mkulima wa mpunga hana nafasi ya kusoma kitabu cha kurasa mia tatu wakati wa palizi au wa kuamia ndege. Lakini hadithi fupi ya kurasa kumi anaweza kuimaliza jioni moja. Kwa hiyo mkusanyiko wa hadithi wamfaa sana. Leo moja, kesho kutwa nyingine.

Lakini kusoma tu hakutoshi. Mtu anayesoma bila kusema ameonaje huzoea kupokea kila kilichopigwa chapa. Leo atapokea hadithi. Kesho atapokea mkataba wa shamba, au karatasi ya mkopo, au tangazo, na vyote atavikubali kwa sababu vimeandikwa. Aliyezoea kuiuliza hadithi maswali, ataiuliza na karatasi ya mkopo maswali. Hiyo ndiyo faida kubwa ya somo hili.

3. Hatua nne za kutoa maoni

Mwalimu wa darasa aandike maneno haya manne ubaoni: HISIA, MAHALI, MAISHA, MWENZAKO.

Hatua ya kwanza ni HISIA. Jiulize: nimesikia nini moyoni? Nimecheka? Nimekasirika? Nimeona haya? Nimechoka? Usiseme uongo. Kama hadithi imekuchosha, sema imekuchosha.

Hatua ya pili ni MAHALI. Rudi kitabuni, utafute ni mahali gani hasa palipokufanya ucheke au ukasirike. Weka kidole hapo. Maoni yasiyokuwa na mahali ni kama shahidi asemaye, "Nilisikia watu wakisema." Mzee wa baraza hamkubali.

Hatua ya tatu ni MAISHA. Linganisha na mambo uyajuayo. Je, jambo hili hutokea hapa kwetu? Hutokea vivyo hivyo, au kwa namna nyingine?

Hatua ya nne ni MWENZAKO. Msikilize aliyeisoma hadithi ile ile akaiona kwa namna nyingine. Msigombane. Rudini wote wawili kitabuni.

Nami sasa nitawapeni mifano mitatu. Nitasema nilivyoona mimi, nanyi mtaona kama mwakubaliana nami.

4. Mfano wa kwanza: tumbo lisiloshiba

Kuna kitabu kiitwacho Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Kilitoka Nairobi mwaka 2016. Wahariri wake ni Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, nacho kilisomwa sana katika shule za sekondari za Kenya. Hadithi iliyokipa kitabu jina imeandikwa na Said Ahmed Mohamed, mwandishi mkubwa wa Zanzibar.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mahali paitwapo Madongoporomoka wanaishi watu maskini, karibu na jiji. Kuna uvumi kwamba ardhi yao yatakiwa na wakubwa. Mzee Mago na wenzake wanafikiri namna ya kuilinda haki yao. Siku moja linaingia mkahawani jitu, yaani mtu mnene kupita kiasi. Linataka chakula chote kilichopikwa. Linakula mpaka vyombo vinabaki vitupu. Kisha linasema kwamba kesho litarudi, na wakati huo litataka chakula zaidi. Muda haupiti, mabuldoza yanakuja kubomoa vibanda vya watu.

Hisia yangu? Kwanza nilicheka. Nani asiyecheka akiona mtu mmoja anakula chakula cha mkahawa mzima? Kisha kicheko kikanikauka. Nikatafuta mahali kilipokauka, nikapaona: ni pale jitu linaposema litarudi. Mtu mwenye njaa akishiba hushukuru akaenda zake. Huyu hakuja kwa sababu ya njaa. Hapo nikafahamu kwamba mwandishi hasemi habari za wali na nyama. Anasema habari za ardhi. Mabuldoza yalipokuja, niliona kama ni jitu lile lile limerudi, ila sasa linakula nyumba.

Sasa tuje kwenye maisha. Katika bonde letu hakuna asiyejua uzito wa neno ardhi. Mkulima ataka kupanda mpunga, mfugaji ataka malisho, kiwanda chataka miwa, na wanyama wa porini, sheshe na tembo, nao wana haja ya maji na majani. Ni nani kati yetu hajapata kusikia mgogoro wa mpaka wa shamba? Kwa hiyo hadithi iliyoandikwa juu ya watu wa mjini inamgusa mtu wa Mngeta pia.

Lakini nawapeni onyo. Usiseme haraka, "Jitu hili ni Bwana Fulani." Mwandishi hakumtaja Bwana Fulani. Ukimfunga jitu kwa jina la mtu mmoja, utasahau kwamba tumbo lisiloshiba laweza kuwa la mtu yeyote. Laweza kuwa hata la ndugu anayemnyang'anya mjane shamba la marehemu.

Yamkini mwenzako atasema, "Hadithi hii ni ya uongo. Hapana mtu awezaye kula kiasi hicho." Mjibu kwa upole. Mwulize, "Je, fisi wa ngano huongea kweli?" Hapana. Lakini hatukumwambia bibi kwamba anasema uongo. Tulijua kwamba ulafi umevikwa ngozi ya fisi. Hapa ulafi umevikwa mwili wa mtu. Mwandishi amemkuza mtu huyo ili hata mwenye macho mabovu amwone.

5. Mfano wa pili: mapenzi ya kifaurongo

Katika kitabu hicho hicho mna hadithi ya Kenna Wasike, iitwayo Mapenzi ya Kifaurongo. Kifaurongo ni ule mmea ambao ukiugusa, majani yake hujikunja kama umekufa, nao haukufa. Basi jina lenyewe limekwisha kutupa habari.

Kijana Dennis Machora ni mtoto wa watu maskini. Kwa taabu anafika chuo kikuu. Huko anapendwa na Penina, msichana wa nyumba yenye mali. Wanaishi vizuri. Lakini masomo yanakwisha, Dennis anatafuta kazi, naye hapati. Mwishowe Penina anamfukuza.

Hisia yangu ya kwanza ilikuwa hasira, na hasira hiyo ilimwendea Penina. Nilisema, huyu hakumpenda Dennis, alipenda cheo ambacho Dennis angekipata. Nikaweka kidole mahali pa kufukuzwa.

Siku nyingine nikaisoma tena. Safari hii kidole changu kilisimama mahali pengine, pale ambapo Dennis, mwenye shahada, anakwenda kuulizwa maswali ili apate kazi, na anarudi mikono mitupu. Huzuni ikachukua nafasi ya hasira. Nikajiuliza: kama Dennis angepata kazi siku ile, je, tungeujua moyo wa Penina? Na kama Penina asingekuwapo kabisa, je, taabu ya Dennis ingekwisha? Hapana. Angekuwa bado ni kijana msomi asiye na kazi. Sasa naona hadithi hii ina vifaurongo viwili. Mapenzi yalimdanganya Dennis, na ile ahadi kwamba ukisoma sana utapata kazi, nayo ilijikunja alipoigusa.

Fikirini mzazi wa hapa bondeni. Ameuza magunia ya mpunga kila mwaka ili kulipa gharama za masomo ya mtoto. Mtoto amemaliza, amerudi, amekaa barazani. Mzazi huyu akiisoma hadithi hii hatamfikiri Penina sana. Atafikiri magunia. Kijana wake akiisoma atamfikiri Penina usiku kucha. Nani amesoma vizuri? Wote wawili, maadamu kila mmoja ana mahali pa kuweka kidole.

Hapa tunajifunza jambo la maana. Maoni yako yaweza kubadilika ukisoma mara ya pili, wala si aibu. Mto wenyewe wakati wa masika si ule wa kiangazi, na jina lake ni lile lile.

6. Mfano wa tatu: nani hakupewa nafasi ya kusema?

Mfano huu utaleta maneno darasani, nami nataka ulete. Kuna kitabu kingine, Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, kilichotoka mwaka 2007. Wahariri wake ni Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed. Humo mna hadithi iitwayo Mke Wangu, iliyoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ndiye yule aliyeandika habari za mpelelezi Bwana Msa katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale.

Katika Mke Wangu, mume mwenyewe ndiye msimulizi. Hataki kuoa msichana wa mjini aliyesoma. Anamtaka msichana wa shamba, asiyesoma, kwa sababu anadhani kwamba mtu wa namna hiyo atafundishika. Atamfinyanga apendavyo, kama mfinyanzi na udongo wake. Anamwoa Aziza. Lakini Aziza si udongo. Ana desturi zake na nia yake, na nyumba inaingia katika vurugu.

Mimi nilicheka mara nyingi katika hadithi hii, maana mwandishi huyu ana ulimi mtamu. Lakini kila nilipocheka nilijiuliza: namcheka nani? Mwanzoni mume anatutaka tumcheke Aziza. Baadaye nikajikuta namcheka mume. Nikatafuta sababu. Sababu ni kwamba yeye ndiye msomi, yeye ndiye mwenye mipango, na mipango yake yote inavunjika mbele ya msichana aliyemdharau.

Sasa sikilizeni swali hili, na mwalimu aliandike ubaoni: NANI HAKUPEWA NAFASI YA KUSEMA? Hadithi nzima tunaisikia kwa kinywa cha mume. Aziza tunamwona kwa macho ya mume tu. Kama Aziza angesimulia, angeanzia wapi? Angesema ameolewa na bwana mwema, au angesema ameolewa na mwalimu asiyekwisha kukaripia?

Kina mama mlio darasani, hapa nawangoja ninyi. Wengi wenu mmekaa miaka mingi mkisikia watu wakisema, "Yule hakusoma, hajui kitu." Leo mwasoma. Semeni Aziza angesema nini. Na kina baba, msiwakate maneno kabla hawajamaliza.

Tena kuna onyo la pili. Msimulizi si mwandishi. Mume wa Aziza akisema neno la kiburi, usimkasirikie Muhammed Said Abdulla. Mwandishi aweza kumpa mtu kiburi ili sisi tukione kiburi hicho na kukicheka.

7. Si lazima upende kila hadithi

Wako wanafunzi wanaoogopa kusema, "Hadithi hii sikuipenda." Wanadhani kitabu kitawacheka. Kitabu hakina meno. Sema, lakini toa sababu.

Mimi, kwa mfano, sipendi hadithi inayonishika mkono njia nzima na kunionyesha kila jambo. Baadhi ya mikusanyiko hutengenezwa ili isomwe shuleni na kuulizwa katika mitihani. Humo utakuta hadithi nzuri, lakini pia utakuta hadithi ambayo mtu mbaya ni mbaya tangu ukurasa wa kwanza, na mwishoni tunahubiriwa. Hadithi ya namna hiyo hunifunga mdomo. Hainiachii swali.

Napenda zaidi hadithi inayoniweka karibu na mtu mmoja. Katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, Eunice Kimaliro ameandika Mtihani wa Maisha. Humo kijana Samueli anakwenda kuchukua matokeo ya mtihani wake. Hata kabla ya kujua matokeo, wasiwasi wake ulinishika. Kila aliyepata kungoja majina yasomwe aujua wasiwasi huo. Kwangu mimi, kungoja kule kulinigusa kuliko funzo lolote.

Jambo jingine: mikusanyiko mingi ya siku hizi ina mambo mazito. Utakuta ufukara, wasichana walioharibiwa maisha, maradhi, watu wasio na kazi. Ukisoma hadithi tano mfululizo, moyo utalemewa, na utasema kitabu ni kibaya, kumbe umekula vibaya. Soma moja, uweke kitabu chini, ukae nayo siku mbili. Hata wali mzuri wa Ifakara haufai kuliwa sufuria nzima mara moja.

8. Namna ya kusoma kitabu kimoja watu wengi

Mtasema, "Mwalimu, vitabu vyenyewe viko wapi?" Swali ni la haki. Maktaba ya mkoa iko Morogoro, na si rahisi kwenda kila wiki. Vitabu vilivyopigwa chapa Nairobi pengine lazima viagizwe kwa muuza vitabu. Lakini darasa zima laweza kutumia kitabu kimoja. Mwaweza kuchanga fedha mkakinunua pamoja. Fanyeni hivi.

Mtu mmoja asome kwa sauti ukurasa mmoja, kisha ampe mwenzake. Msimcheke asomaye polepole. Katikati ya hadithi msimame, na kila mmoja aseme neno moja tu la hisia yake: hofu, kicheko, hasira, huruma. Msielezane bado. Endeleeni mpaka mwisho. Hadithi ikiisha, nyamazeni kidogo. Kisha kila mmoja aseme hisia yake ya mwisho na mahali palipoileta.

Tena kila mtu awe na daftari ya msomaji. Andikeni mistari minne tu kwa kila hadithi. Mfano ni huu:

Jina la hadithi na mwandishi: Tumbo Lisiloshiba, Said Ahmed Mohamed.
Nilivyoona: Nilicheka, kisha nikaogopa.
Mahali: Jitu liliposema litarudi kesho.
Swali nililobaki nalo: Watu wa Madongoporomoka wangefanya nini wakati jitu lilipokuwa bado linakula?

Mistari minne ni michache. Lakini baada ya hadithi kumi utakuwa na mistari arobaini iliyoandikwa kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna aliyekuandikia. Ukisoma daftari hiyo baada ya mwaka, utamwona mtu aliyekuwa akifikiri.

9. Hadithi zetu zasomwa mbali

Kabla ya kumaliza, nataka mjue habari moja. Mwaka 2023 huko San Francisco, Marekani, kilitoka kitabu kiitwacho No Edges. Ni mkusanyiko wa hadithi za waandishi wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya, zilizofasiriwa kwa Kiingereza. Basi wako wasomaji wa mbali, ambao hawajui harufu ya mpunga uliokomaa, wanaosoma hadithi zetu na kuandika wanavyoziona. Ni jambo jema. Lakini je, wao waseme, nasi wenye lugha tunyamaze? Mwandishi wa Kiswahili anawaandikia wasomaji wa Kiswahili kwanza. Akiandika asisikie sauti kutoka kwetu, atajuaje kama amesema kweli juu ya shamba, juu ya ndoa, juu ya njaa? Mtu wa Kilombero anayejua shamba ana jambo la kumwambia.

Maneno ya kujifunza

Mhariri: mtu anayechagua na kutengeneza maandishi ya wengine ili yapigwe chapa.
Mkusanyiko: vitu vingi vilivyowekwa pamoja, hapa, hadithi nyingi katika kitabu kimoja.
Msimulizi: sauti inayotupa hadithi, si lazima awe mwandishi.
Mhusika: mtu aliyemo ndani ya hadithi, kama Dennis au Aziza.
Hisia: jambo unalolisikia moyoni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Hadithi fupi ya siku hizi inatofautianaje na ngano? Toa mfano wa ngano moja ya kwenu.
2. Kwa nini haifai kusema kwamba jitu ni mtu fulani unayemjua?
3. Dennis na Penina: nani amekosa zaidi? Weka kidole mahali, kisha jibu.
4. Simulieni hadithi ya Mke Wangu kwa kinywa cha Aziza. Mwanamke mmoja aanze, na mwanamume mmoja amalizie.
5. Je, umepata kupokea karatasi yoyote iliyoandikwa ukaikubali bila kuiuliza swali? Ungeuliza nini leo?

Kazi ya wiki hii

Kila mwanafunzi asome hadithi fupi moja, au asomewe na mwenzake. Aandike mistari minne katika daftari yake. Neno "nzuri" haliruhusiwi, na neno "mbaya" haliruhusiwi. Tafuteni maneno mengine. Mkikosa kitabu, mwalimu awasimulieni hadithi fupi aijuayo, nanyi mwandike mlivyoisikia.

Haya ndugu, saa yetu imekwisha. Someni polepole, semeni bila hofu, na msikilizane. Kwaherini.